Mashine ya zamani iliyojiwasha: kisa cha kuhamisha Debian Uyole

Simu ilikuja Novemba, wiki ambayo mvua za kwanza zilikuwa zimeshashuka. Aliyewahi kufanya kazi na maduka ya pembejeo huku Mbeya anaijua wiki hiyo. Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu, panajaa watu wa Igawilo, Inyala na Kikondo, na kila mmoja anataka mbolea ya kupandia leo, maana shamba limeshalowa. Mama mwenye duka hakuwa na muda wa salamu ndefu. Nilipomaliza tu "shikamoo mama", akasema: "Marahaba mwanangu. Ile kompyuta ya ndani inajizima, inajiwasha, inajizima. Leo mara tano. Njoo kabla haijafa na madeni ya watu."

Hayo madeni ndiyo yaliyomnyima usingizi. Nusu ya wateja wake huchukua mbolea na mbegu kwa mkopo, hulipa wakivuna viazi, na daftari la karatasi alishaliacha miaka sita nyuma. Nani anadaiwa mifuko mingapi, na kwa bei ipi, kulikuwa ndani ya hilo kasha jeusi chini ya meza ya ofisi, kompyuta inayoendeshwa na Debian, aina mojawapo ya Linux.

Nilipanda bajaji kutoka Mwanjelwa nikafika jioni. Ndani ya kasha nilikuta vumbi la kutosha kupanda mchicha, na karibu na prosesa kapasita nne zimevimba vichwa, moja imeshaanza kutoa maji ya kahawia. Ugonjwa ulikuwa wa mazabodi, yaani bodi kuu. Diski niliipima kwa `smartctl`, haikuwa na sekta hata moja iliyohamishwa. Tofauti hii ni ya kupata mapema, kwa sababu ndiyo inayoamua kazi yote. Ingekuwa diski ndiyo inayokufa, nisingethubutu kuanza kunakili faili moja moja. Ningeichukua nzima kwanza kwa `ddrescue`, inayosoma sehemu zenye afya kwanza na kurudia zile mbovu baadaye, kisha ningefanya kazi juu ya nakala. Diski ikiwa nzima na bodi ndiyo mbovu, una nafasi ya kuchagua.

Mama alikuwa ameshanunua kompyuta ya mtumba, kale kadogo ka ofisini unakoweza kukaweka nyuma ya skrini: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8, diski ya NVMe ya GB 256. Swali lake lilikuwa moja tu. "Utamaliza kabla ya Jumatatu?"

Hapo ndipo mafundi tunapogawanyika. Wengi niliozungumza nao baadaye waliniambia wao wangeweka Debian mpya, waweke PostgreSQL (hifadhidata inayotunza mauzo na madeni), warudishe data, kazi imekwisha. Mpaka leo sikubaliani nao, kwa kisa hiki angalau. Programu ya mauzo iliandikwa na kijana aliyekuwa akikaa dukani hapo, akapata kazi Dodoma, akaondoka. Hakuacha hata karatasi moja. Baada yake walipita mafundi wengine wawili, kila mmoja akaongeza lake. Nilipochungulia `/usr/local/bin` na `/etc/cron.d` nilikuta skripti ya nakala za usiku, skripti ya kumtumia mama jumla ya mauzo kwa SMS kila siku saa moja jioni, na nyingine ambayo mpaka ninaandika hapa sijajua inafanya nini, ila kila Jumapili inafanya. Mfumo kama huo hauna maelezo popote zaidi ya ndani yake wenyewe. Ukiuweka upya, unarudisha kile unachokumbuka. Kile usichokijua kinabaki kwenye diski ya zamani, na utakijua siku kitakapokosekana.

Kwa hiyo nikaamua kuuhamisha mzima, kama ulivyo, na taka zake.

Wenye kuzoea Windows hushangaa kwamba jambo hili linawezekana. Kerneli ya Linux haiandikiwi mashine moja. Hubeba draiva za vifaa vya kila aina kama moduli, na kila inapowaka hutazama upya nini kipo, ikapakia kinachohusika. Ndiyo maana mara nyingi unaweza kung'oa diski ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine na mambo yakaenda. Lakini kale kadogo hakakuwa na nafasi ya diski kubwa ya inchi 3.5, na sikutaka data ya duka iendelee kukaa kwenye diski iliyozunguka miaka sita mfululizo. Nikachagua kunakili.

Jumamosi duka lilifungwa saa kumi na mbili jioni. Risiti ya mwisho ilikuwa namba 20,416. Niliiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kabla ya kugusa kitu kingine nilichukua nakala ya hifadhidata nzima kwa `pg_dumpall` kwenye flashi, nikaifungua kuona kama kweli ina maandishi ndani. Nimewahi kukuta flashi ya mteja ina faili la nakala lenye ukubwa wa sifuri, na mwenyewe anaitunza sandukuni kama hati ya kiwanja. Kisha nikasimamisha PostgreSQL na kuzima mashine taratibu. Folda ya data ya PostgreSQL hainakiliwi ikiwa inatumika: utapata faili moja la saa hii na jingine la dakika tano baadaye, na hazitapatana. Iliyosimamishwa inanakilika bila shida, mradi huko iendako toleo kuu liwe lilelile. Debian 11, iliyokuwa kwenye mashine hii, ina PostgreSQL 13. Folda ya 13 haisomwi na 15 ya Debian 12. Hiyo ilikuwa sababu moja ya kutopandisha toleo usiku uleule, ingawa kishawishi kilikuwepo. Sababu ya pili ni kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na kimoja kikagoma, hujui umlaumu nani.

Diski ya zamani nikaitoa, nikaichomeka kwa kebo ya USB kwenye kompyuta mpya iliyowashwa kwa flashi ya Debian. Nikaandika `lsblk`, inayoorodhesha diski. NVMe haikuonekana.

Nilipoteza karibu saa nzima hapa, na ninaona haya kueleza. Nilifungua kifuniko nikaikaza skrubu ya diski. Nikabadilisha flashi. Nikaanza kumfikiria vibaya aliyeuza. Tatizo lilikuwa kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine): njia ya diski ilikuwa imewekwa RAID badala ya AHCI, kama zilivyokuja nyingi za kampuni ambazo leo ni mitumba kwetu. Katika hali hiyo diski ya NVMe hufichwa nyuma ya kidhibiti cha Intel, na kerneli haiioni. Nikaweka AHCI, ikatokea hapohapo. Siku hizi ni kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye mashine ya mtumba, kabla hata ya kuuliza bei.

Cha pili kilikuwa saa. Betri ya CR2032 ilikuwa imekufa, na mashine iliamini tuko mwaka 2016. Ningefikiri ni kasoro ndogo kama isingekuwa `apt`, kiwekaji programu cha Debian, kukataa kabisa, ikidai orodha za vifurushi ni za wakati ambao haujafika. Betri nilipata duka la saa la jirani aliyekuwa anafunga. Ila hebu fikiria kama `apt` isingenizuia: duka lingefungua Jumatatu na kutoa risiti za mkopo zenye tarehe ya miaka mingi nyuma.

Nikagawa diski mpya kwa mpangilio wa GPT: sehemu ndogo ya MB 512 ya EFI ya kuwashia mfumo, yenye FAT32, swap (akiba ya RAM), na iliyobaki yote ext4. Ya zamani ilikuwa na mpangilio wa MBR, GRUB yake (programu inayowasha mfumo) ikikaa mwanzoni mwa diski kwa mtindo wa BIOS. Huko huwezi kuipeleka kama ilivyo, kwani kuwasha kutoka NVMe kwa kawaida kunataka UEFI, mtindo mpya uliorithi BIOS. Hii ndiyo sababu sikutumia `dd`. `dd` ingenakili kila kitu hadi muundo wa diski wenyewe, pamoja na vitambulisho vya UUID, na nilihitaji muundo tofauti. Zaidi ya hapo, diski mbili zenye UUID moja zikichomekwa pamoja, huna uhakika umefungua ipi.

Kunakili kwenyewe ni amri moja:

`rsync -aHAX --numeric-ids /mnt/zamani/ /mnt/mpya/`

Herufi hizo hazipo kwa urembo. H hulinda mafaili yenye majina mawili yanayoelekea kitu kimoja, A na X hubeba ruhusa na sifa za ziada ambazo `cp` ya haraka huziacha njiani. Lile la `--numeric-ids` ndilo wengi hulisahau. Kila faili lina namba ya mwenyewe, si jina. Debian ya kwenye flashi ina orodha yake ya majina, na jina moja linaweza kuwa na namba tofauti huku na kule. Usipoiambia `rsync` ishike namba, inaweza kukutafsiria wamiliki, na asubuhi huduma fulani ikakataa kuwaka kwa sababu folda yake si yake tena. Kumbuka pia kwamba `/boot` ya zamani ilikuwa sehemu yake peke yake. Niliifungua na kuiweka mahali pake kabla ya kunakili, la sivyo ningebeba folda tupu. GB 38, saa moja na nusu. Mama aliniletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Baridi ya Uyole usiku unaijua.

Kazi halisi ilianza baada ya kunakili. Mfumo uliokaa miaka sita kwenye mashine moja huwa umejifunga kwa kamba chache kwenye vifaa vya mashine hiyo, na kuhama ni kuzitafuta hizo kamba. Nyingine zinajulikana. Niliingia ndani ya nakala kwa `chroot`, baada ya kuziunganisha `/dev`, `/proc`, `/sys` na `/run`, nikiwa nimehakikisha flashi imewaka kwa UEFI (folda ya `/sys/firmware/efi` ikiwepo, uko salama). Nikabadilisha UUID kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kufungua mfumo unapowaka. Nikabadilisha ile ya swap iliyoandikwa kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Nikaondoa `grub-pc`, nikaweka `grub-efi-amd64` kwa intaneti ya simu, kisha `grub-install` na `update-grub`. Nikaiweka GRUB pia kwenye njia ya akiba, `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, kwa sababu orodha ya UEFI ya nini kiwashwe hukaa kwenye kumbukumbu ya bodi, haimo ndani ya diski, na bodi za mitumba wakati mwingine husahau.

Nikawasha. GRUB ikaja, nikatabasamu. Sekunde chache baadaye nikaambiwa diski yenye UUID ile haipo, nikatupwa kwenye ganda dogo la initramfs.

Hii ilikuwa kamba ya kwanza iliyofichwa. Kabla kerneli haijaifikia diski yenyewe, hupakia kifurushi kidogo (ndicho initramfs) chenye moduli za kuisomea diski. Debian kwa kawaida hujaza kifurushi hicho moduli za mashine nyingi, na hapo ndipo nilipojiamini kupita kiasi: nilidhani sina haja ya kukijenga upya. Lakini fundi mmojawapo, pengine kwa sababu `/boot` ilikuwa ndogo na imejaa, alibadilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`. Maana yake: beba moduli za mashine hii tu. Na mashine hiyo haikuwahi kuiona NVMe maishani mwake. Nikarudi kwa flashi, nikarejesha `most`, nikaendesha `update-initramfs -u -k all`. Simlaumu aliyeibadilisha. Alitatua shida yake ya siku ile. Kosa ni langu, nilihamisha mfumo bila kusoma mipangilio yake kwanza.

Safari ya pili ikafika mbele zaidi, ikakaa dakika moja na nusu ikimsubiri mtu, kisha ikaingia hali ya dharura na kudai nywila ya root. Mama akafunua jalada la nyuma la daftari la kanisani, ikawa imeandikwa humo kwa penseli. (Usalama wa namna gani huo, utauliza. Ule uliotuokoa saa sita usiku.) Aliyekuwa akisubiriwa ni `/dev/sdb1`, diski ya pili ya nakala za usiku, iliyoandikwa kwenye `fstab` kwa jina la foleni (linalofuata zamu ya kuonekana kwa diski) badala ya UUID, tena bila neno `nofail`, linaloruhusu mfumo uendelee diski isipokuwepo. Diski hiyo ilibaki kwenye kasha la zamani. Nikaiondoa mstarini kwa muda.

Ya tatu ikawaka mpaka mwisho, bila mtandao. Kadi ya mtandao huitwa kwa mahali ilipochomekwa kwenye bodi. Ya zamani ilikuwa `enp2s0`, mpya ni `enp0s31f6`, na `/etc/network/interfaces` ilikuwa bado ikimwita marehemu. Nikabadilisha jina, anwani yake ya mtandao, 192.168.1.10, ikasimama, kompyuta za kaunta zote mbili, zinazofanya kazi kupitia mashine hii, zikafungua programu. Nikahesabu mauzo kwenye jedwali: 20,416, sawasawa na kiganja changu. Saa nane usiku nilikuwa nimejilaza kwenye magunia.

Jumapili sikugusa kitu. Jumatatu duka lilifungua, wakauza, hakuna aliyelalamika. Saa moja na robo jioni simu ya mama: "Mwanangu, ujumbe wangu haujaja." Ile SMS ya jumla ya mauzo. Modemu ilikuwa imechomekwa, inaonekana, lakini skripti ilikuwa ikiipigia `/dev/ttyUSB0`. Modemu za aina hiyo huleta milango mitatu au minne, na foleni yao haikubadilika miaka yote kwenye mashine ya zamani kwa bahati tu. Jumanne asubuhi nikaiandika kwa jina lake la `/dev/serial/by-id`, ambalo halifuati foleni. Jioni SMS ikaja, na nyuma yake ujumbe wa mama: "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa. Nikahesabu kazi imekwisha, nikaandika ankara.

Jumatano, saa saba na nusu mchana, simu tena. Sauti ilikuwa tofauti. "Fundi," (si mwanangu) "kompyuta inasema DAP ipo mifuko kumi na minne, ghala linasema hakuna hata mmoja. Mteja ameshalipa. Amesimama hapa."

Kwanza nilifikiri wizi wa ghalani, na ninamshukuru Mungu sikulisema kwa sauti, maana kijana wa ghala alikuwa pale pale akisikiliza. Kisha mama akaongeza: "Na hizi risiti za leo zinaanza elfu ishirini na mia nne." Jumatano ile namba zilipaswa kuwa zimeshapita 20,700. Nilinyamaza. Namba ya 20,417 nilikuwa naijua. Ndiyo iliyokuwa ikifuata ile ya kiganjani.

Nilifika, nikasikia kabla ya kuona: chini ya meza feni ya zamani inalia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kunakili, nilirudisha diski ya zamani kwenye kasha lake, nikaliacha mahali pake na nyaya zake zote, kama tahadhari: mpya ikigoma, tunarudi huko dakika kumi. Nilijisifu kwa tahadhari hiyo. Nilichosahau ni kwamba mashine hiyo, kwa sababu ya kukatika kwa umeme, iliwekwa kwenye BIOS ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Jumatano saa nne asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Mpya haikuwa na mpangilio huo, ikasubiri kubonyezwa. Ya zamani haikusubiri mtu. Kapasita zilizovimba, bodi inayokufa, siku ile ikaamka bila kukohoa ikashika 192.168.1.10, anwani yake halali ya miaka sita.

Kaunta ya kwanza iliwashwa mapema, ikauliza mtandaoni nani mwenye anwani hiyo, ya zamani ikajibu. Kaunta ya pili ilichelewa, mpya ikiwa imeshabonyezwa, jibu lililoifikia likawa la mpya. Kila moja ikashika jibu lake. Nilipojaribu kwa `arping` kutoka laptopu yangu, swali moja lilijibiwa na namba mbili tofauti za kadi za mtandao. Duka moja likawa na vitabu viwili. Kaunta ya pili iliuza Jumatano. Kaunta ya kwanza iliendelea kuishi Jumamosi jioni, yenye DAP iliyokuwa imeisha tangu Jumanne, na mbaya zaidi, kwa bei ya kabla ya mama kuibadilisha Jumatatu.

Nilichomoa waya wa umeme wa ya zamani kwanza, kisha ndiyo nikakaa chini kufikiri. Mauzo 37 yalikuwa ndani yake na hayakuwa kwingine kokote. Diski nikaichomeka kwenye laptopu yangu, nikanakili folda ya data, nikaiwasha kwenye PostgreSQL 13 ya pembeni isiyo na mtandao, nikachapa orodha ya risiti 20,417 mpaka 20,453.

Kijana anayejua SQL, lugha ya hifadhidata, angeniambia nizipakie kwa `COPY`, nizipe namba mpya, nisogeze kihesabu. Inawezekana kabisa. Lakini namba ya risiti kwenye programu ile inatumika pia kwenye jedwali la madeni na la ghala, na mwandishi wake yuko Dodoma. Kosa moja hapo lingempa mkulima wa Kikondo deni la mkulima wa Inyala. Risiti 37 si nyingi. Tulikaa mimi na mama baada ya kufunga, yeye akisoma, mimi nikiingiza kupitia dirisha lilelile la kaunta kama mauzo ya kawaida, na kwenye sehemu ya maelezo nikiandika namba ya zamani pamoja na herufi Z. Ilituchukua chini ya saa mbili. Kila baada ya risiti kadhaa alisimama: "Huyu namjua, huyu ni shemeji wa mwalimu," au "huyu hakuchukua sita, alichukua nne, mbili atarudi." Hakuna `COPY` inayojua hayo.

Risiti za EFD, zile za kodi, hazikuguswa na mkanganyiko huu, zinatoka kwenye kifaa chake peke yake, na asubuhi yake tulizitumia kuhakiki jumla. Tofauti ya bei mama aliibeba mwenyewe. Mifuko iliyouzwa bila kuwepo, wanne walikubali kusubiri lori la mzigo, mmoja alirudishiwa pesa yake akaondoka akinung'unika, na alikuwa na haki.

Nilirudisha sehemu ya malipo yangu. Mama alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea.

Kosa lenyewe halikuwa kubakiza mashine ya zamani; hata leo nisingeifuta diski kabla ya mwezi kupita. Kosa lilikuwa kuiacha hai. Nilishughulika usiku kucha na kamba zilizoufunga mfumo kwenye vifaa vya zamani, nisitazame kwamba hata nje yake kuna vitu vinavyoujua kwa jina: kaunta, swichi, umeme wenyewe. Nakala ikishakuwa mbili, moja lazima inyang'anywe waya wa mtandao dakika ileile, na kama zote zitabaki kazini, ipewe anwani nyingine, `/etc/machine-id` mpya na funguo mpya za SSH. Hapa hatukuhitaji mbili.

Mashine mpya sasa ina mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi. Diski ya nakala za usiku imehamia kwenye kasha la USB, imeandikwa kwa UUID na `nofail`. Diski ya zamani iko kwenye bahasha ya kaki yenye tarehe, ndani ya droo ya mama, chini ya hati za kupokelea mzigo. RAM ya ile mashine nimeiongeza kaunta ya pili. Kasha tupu lina uzito mzuri, na kijana wa ghala analitumia kuzuia mlango usifunge wakati wa kupakia mbolea.